Msimbo Umehama, Kumbukumbu Je?

Jamani, kuna hoja moja imenichosha. Kila mradi wa programu huria unapotaka kuhamia seva nyingine, hakosi mtu wa kusema: "Si ni Git tu? Kila mtu ana nakala yake. Tupakie kule, tumemaliza." Huo ni ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hasara.

Git hubeba msimbo na historia ya mabadiliko yake. Haibebi ripoti za hitilafu, wala yale mabishano marefu yanayoeleza kwa nini mstari fulani wenye sura mbaya haufai kuguswa. Hayo hukaa kwenye hifadhidata ya mwenye seva. Ni sawa na mpangaji kuhama na viti vyake akaacha hati zote kabatini.

Na mwenye nyumba hubadilika. Waundaji wa Linux walitumia BitKeeper bure tangu 2002; mwaka 2005 ruhusa ikaondolewa, Linus Torvalds akaketi kuandika Git. Google Code ilifunguliwa 2006, ikafungwa Januari 2016. Bitbucket ndiyo kichekesho: ilianza 2008 ikihudumia Mercurial peke yake, na 2020 ikaifukuza Mercurial hiyo hiyo!

Sisemi watu wasihame. Python walipeleka msimbo GitHub Februari 2017, lakini ripoti za hitilafu zikabaki kwenye tovuti yao wenyewe hadi 2022, zilipohamishwa pamoja na historia yake. Tovuti ya zamani ikaachwa ya kusomwa tu. Miaka mitano! Huko ndiko kuhama kwa akili. GNOME nao mwaka 2018 walichukua programu ya GitLab wakaiweka kwenye seva zao.

Najua mtaniambia seva ni pesa, na ni usiku wa mtu wa kujitolea anayeamshwa ikizima. Kweli. Mradi wa watu watatu upange tu, hakuna aibu. Lakini msiniambie kumbukumbu haziwezi kubebwa. Wale wa Linux hadi leo hutumiana mabadiliko kwa barua pepe (raha kwetu tunaonunua bando la siku, maana barua ni nyepesi kuliko hizo kurasa zenu), na kumbukumbu za barua hizo ziko lore.kernel.org, zimehifadhiwa ndani ya Git yenyewe. Mabishano ya miaka unayavuta kwenye kompyuta yako kama unavyovuta msimbo.

Mradi mmoja ninaouchangia unapigia kura suala la kuhama wiki ijayo. Pendekezo lina kurasa nne za kusifu vitufe vipya. Kuhusu ripoti za zamani, sentensi moja: "tutaangalia baadaye". Kura yangu ni hapana, mpaka nionyeshwe ripoti zote zikifunguka kwenye kompyuta iliyochomolewa intaneti, na jina la tovuti liwe limesajiliwa kwa mradi, si kwa mtu mmoja.