Amana ya Bahari Katika Msimu wa Siasa



Wasomaji wetu wapenzi, kila uchaguzi unapokaribia, jeti yetu ya Mokowe hubadilika sura. Mashua ziendazo Amu hubeba bendera pamoja na abiria, na mtu tuliyemkosa kwa miaka minne huja kutuamkia kama jamaa wa damu. Hayo tumeyazoea. Lisilozoeleka ni hili tunaloanza kuliona katika vikundi vyetu vya kina mama kabla hata ya mwaka 2027 kufika: mwanachama hamwitikii mwenziwe salamu kwa sababu ya mgombea. Vikundi hivyo ndivyo vinavyopanda mikoko, ndivyo vinavyofuatilia maji na samaki. Vikivunjika, ni nani atakayesimama siku bahari itakapoingiliwa tena?

Jibu tunalo katika historia yetu wenyewe, na si historia ya mbali.

Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, pamoja na viongozi wa Sudan Kusini na Ethiopia, aliuzindua hapa Lamu mradi wa LAPSSET. Mwaka 2016, katika utawala wa Rais Uhuru Kenyatta, mamlaka ya mazingira, NEMA, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, huko Kwasasi, bara hii hii tunayoikanyaga. Ungekuwa mtambo wa kwanza wa aina hiyo nchini Kenya. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wananchi, pamoja na wakazi wengine, waliipinga leseni hiyo mbele ya mahakama maalumu ya mazingira, NET.

Juni 26, 2019, leseni ilifutwa. Yatupasa tuielewe sababu yake, maana humo mna mafunzo. Mahakama iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyostahiki. Kuitwa mkutanoni ukaelezwa kuwa mradi waja hakutoshi. Haki ya mwananchi ni kupewa matokeo ya utafiti wa athari, ayafahamu, kisha aulizwe rai yake. Katika mwaka uo huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaufadhili mradi ule. Kampuni ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupilia mbali.

Tuhesabu basi. Tangu uzinduzi wa 2012 hadi hukumu hiyo ya 2025, Kenya imeongozwa na marais 3 na imepita katika chaguzi kuu 3. Magavana wamebadilishana viti. Walioahidi kutusaidia, wengine wamesahau. Waliotupinga, wengine wamestaafu. Laiti kesi ile ingetundikwa shingoni mwa mwanasiasa mmoja, ingezama naye. Ilisimama kwa sababu wenyewe walikuwa ni watu wa Lamu, na kwa sababu hoja yake ilikuwa katika sheria na ushahidi. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, wala haimwulizi alimpigia nani kura.

Lakini tusijidanganye kwamba kila ushindi huleta tabasamu. Wavuvi wetu walikwenda mahakamani mwaka 2012 kwa ajili ya bandari, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Bandari ilifunguliwa Mei 2021. Fidia nayo ikafuatwa na rufaa, mazungumzo na miaka ya kungoja. Katika kungoja huko ndipo shetani hupata nafasi: nani yumo katika orodha, nani kaachwa, nani kala. Nyumba iliyosimama imara mbele ya serikali yaweza kubomoka kwa mnong'ono wa jirani.

Wako pia wanetu walioutaka mtambo kwa kuitamani ajira. Tusiwaite wasaliti. Kijana aliyemaliza masomo akakaa barazani bila kazi ana haja ya kweli, na harakati isiyomsikiliza itampeleka yeye mwenyewe kwa mwanasiasa wa kwanza atakayepita na bahasha.

Basi tufanye nini? Tumeona tutoe nasaha chache, tukianza na nafsi zetu.

Kwanza, siasa ibaki nje ya mlango wa kikundi. Kila mmoja ana haki ya kumpenda amtakaye, lakini asije mkutanoni na fulana ya mgombea, na kikundi kisipokee fedha za kampeni hata kikiwa na dhiki. Mchango wetu wa kila wiki, ingawa mdogo, hautudai kitu.

Pili, tuandike na tuhifadhi. Tarehe ya mkutano, waliohudhuria, kilichosemwa, barua iliyopelekwa na iliyojibiwa. Mama zetu walitunza hati za nyumba na hirizi za wana katika masanduku. Nasi tutunze kumbukumbu za kikundi vivyo hivyo, na nakala iwe kwa mtu wa pili.

Tatu, tuwafundishe mabinti. Ripoti za mazingira huja katika Kiingereza kizito. Binti anayesoma na amfasirie bibi yake, na bibi amwonyeshe binti mahali samaki walipokuwa wakizaliana. Elimu zote mbili zahitajika mbele ya hakimu.

Nne, tukiitwa barazani twende, na tudai maelezo kwa Kiswahili. Aliyenyamaza huhesabiwa kuwa ameridhia.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba mwenye mche mkononi, hata akiona Kiyama kimesimama, na aupande akiweza. Hakumwambia angoje kwanza hali itulie. Ikiwa Kiyama hakikuwa udhuru, uchaguzi utakuwaje udhuru? Ardhi na bahari ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwetu, na amana haina msimu.

Wiki hii, kabla ya Ijumaa ijayo, mwendee yule mwenzio mliyekosana kwa ajili ya siasa. Anza wewe salamu.

Twamuomba Allah (S.W.T.) azidishe mapenzi baina yetu, awape subira wavuvi wetu, na awahifadhie wanetu bahari hii kama alivyotuhifadhia sisi. Aamin.

Wabillahi tawfiq.