Tupa orodha ya Januari, anza na mia moja ya Jumatatu

Ukishuka matatu pale Kenyatta Market siku yoyote ya Desemba, huhitaji kutafuta msusi. Yeye ndiye anakutafuta. Mguu wa pili haujagusa lami na tayari kuna mkono umeshika begi lako, sauti tatu zinashindana: "Mrembo, unasuka?" "Kastoma, kuja huku!" "Supuu, si mimi ndiye nilikusuka ile siku!" Hajawahi kukusuka. Sasa rudi wiki ya pili ya Januari. Wasusi wamekalia viti vya wateja, wanasukana wenyewe kwa wenyewe. Upande wa nyama, mbuzi ananing'inia akitazamana na mchomaji, na hakuna anayemharakisha mwenzake. Njaanuari imeingia, na hiyo haibishi hodi.

Na wewe uko zako nyumbani na orodha. Usikatae. Iko kwenye simu, uliiandika usiku wa tarehe 31 fataki zikilia: kuamka saa kumi na moja, kuingia jimu, kusoma vitabu viwili kila mwezi, kuacha sukari, kuweka akiba ya elfu tano, kumfuta yule ex.

Yangu ya mwaka juzi ilikuwa na vitu kumi na vinne, na nilikuwa nimeipamba kwa rangi. Kufikia tarehe 19 Januari hakuna hata kimoja kilichokuwa hai. Na mimi si mgeni wa kuacha vitu njiani. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na tangu hapo kila mtu wa ukoo ana ushauri wa bure kuhusu namna ya kumaliza ninachoanza. Kwa hivyo orodha ilipokufa nilisema basi, ni mimi, ndivyo nilivyoumbwa.

Siku hizi sidhani hivyo. Nadhani orodha yenyewe ilikuwa uongo. Niliiandikia mtu mwenye mshahara wa tarehe 28, maji ya bomba kila asubuhi na roho isiyochoka. Mtu huyo haishi Ngumo, na kama anaishi, sijakutana naye.

Wacha nikupe stori ya rasta.

Krismasi moja nilisukwa rasta za kufika mgongoni, kwa mkopo. Kama hujawahi kusukwa Kenyatta, jua kwamba pale kichwa kimoja hushikwa na wasusi watatu au wanne kwa pamoja, kila mmoja na kona yake, ndiyo maana kazi ya kutwa inaisha kabla mgongo haujakufa ganzi. Msusi wangu aliwaita wenzake, na jioni akawalipa kutoka mfukoni mwake, kwa sababu mimi nilitoa 500 tu na kuahidi kwamba 2,000 zilizobaki "nitaleta wiki ijayo." Wiki hiyo haikufika. Nilianza kushuka stage ya mbele na kurudi kwa miguu ili nisipite kwake. Nikitaka nyama, nilizunguka nyuma ya soko kama mwizi. Akipiga simu, niliiangalia tu hadi inyamaze. Mwaka mzima naogopa kona moja ya soko kwa sababu ya elfu mbili.

Kwenye vile vitu kumi na vinne, deni hilo halikuwemo. Kuamka saa kumi na moja kulikuwemo.

Mwaka jana sikuandika orodha. Jumatatu ya pili ya Januari nilimtumia msusi wangu shilingi 100 kwa M-Pesa. Mia moja tu, kwa sababu ndiyo pesa ambayo ningeitoa na bado nile. Akapiga simu papo hapo, na safari hii nikashika.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya rasta, dada. Nitakuwa natuma kila Jumatatu."

Alinyamaza kidogo. "Mimi nilikuwa nimeshafuta."

"Deni?"

"La. Wewe."

Nilituma Jumatatu iliyofuata, na iliyofuata. Mbili nilikosa, moja Machi na nyingine Aprili, wiki ambazo hata unga ulikuwa wa kuazima. Deni liliisha Juni. Hakuna kitu kingine ambacho nimewahi kufanya kwa miezi mitano bila kusimamiwa na mtu.

Nilidhani ni bahati, hadi nikasoma kuhusu utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua kitu kidogo cha kufanya kila siku na kukifunga kwenye jambo ambalo tayari hulifanya: tunda wakati wa chakula cha mchana, kwa mfano, au maji baada ya kiamshakinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi kitu hicho kikawa kinajifanya chenyewe bila kulazimishwa. Kuna waliohesabiwa siku 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji 254. Kwa hivyo zile siku 21 unazohubiriwa TikTok ziweke kando. Ukianza Januari 1, siku ya 66 ni Machi 7, wakati hakuna anayekumbuka hata salamu za mwaka mpya. Na sehemu niliyoipenda zaidi: kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Sisi tukikosa siku moja tunatangaza matanga.

Kitu cha pili nilichofanya kilikuwa kidogo zaidi, na kiliniuma zaidi. Niliagiza taarifa yangu ya M-Pesa ya Desemba, nikakaa nayo na kalamu nyekundu. Jaribu leo, hiyo *334# unaijua. Mara 41 nilikuwa nimetuma pesa zisizofika 200. Za chipsi, za bando, za "niongezee nauli nitakurudishia." Jumla ilipita 4,500. Mikopo ya simu nilikuwa nimechukua 11, na ada peke yake zikanila karibu 900. Lakini kilichonikodolea macho zaidi ni saa. Karibu mikopo yote ilikuwa ya usiku. Saa nne, saa tano, moja saa saba na dakika kumi. Hakuna dawa wala kodi niliyolipa saa saba usiku, wacha tuambiane ukweli.

Sikuapa kuacha kukopa, maana ningekuwa nadanganya. Nilijiwekea kitu kimoja: baada ya saa tatu usiku sikopi. Asubuhi ikifika na bado naihitaji, nichukue bila lawama. Asubuhi nyingi niliamka nimesahau nilikuwa nataka nini.

Ukija kwenye chakula, sitakuambia uache nyama choma. Ningekuambia vipi, na moshi wa pale unaingia hadi chumbani kwangu? Ila World Cancer Research Fund hushauri kwamba nyama nyekundu isizidi kati ya gramu 350 na 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Watu wawili wakimaliza kilo mbili Jumapili mchana, wameshakula sehemu ya wiki nzima na ya majirani. Na ile chumvi inayomwagwa pembeni mwa ubao, tunayochovya bila kuhesabu? Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyoko kwenye mkate na krispi. Mimi nilibadilisha kitu kimoja: nyama inakuja, lakini naomba kachumbari mara mbili na chumvi ikae upande wa wenzangu. Walinicheka wiki mbili, kisha wakazoea.

Kutembea ni vivyo hivyo. Shirika hilo hilo linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutoka Kenyatta Market hadi katikati ya jiji ukipitia Upper Hill ni kama saa moja kwa miguu ya kawaida. Asubuhi tatu kwa wiki na umevuka hesabu, nauli imebaki mfukoni, na hujalipa jimu. Jioni mimi napanda gari, sitajifanya shujaa. Mimi ni msichana na giza la huko nalijua.

Kuna lingine ambalo vijana hatupendi kulisikia. Hospitali ya Kenyatta iko hapa karibu na soko, na sidhani kuna mwezi uliopita bila mimi kuongezwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mchango wa bili ya mtu. Tunatuma 200, tunaandika "get well," tunatoka. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwa sisi tusio na payslip kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazotakiwa za mwaka mzima kwa pamoja: 3,600. Najua maneno ni mengi kuhusu SHA. Mimi nazungumzia hesabu tu. Ukiweka kando 70 kila wiki kuanzia wiki hii, mwaka ukiisha una 3,640. Ni bando moja la wikendi ulilolikosa.

Nikimweleza haya rafiki yangu wa Kibera, alinikata katikati. "Hizo ni stori za watu walio na cha kupunguza." Ana haki. Yeye ana mtoto, anafua nguo za watu, na siku nyingine mlo ni mmoja. Aliye na mlo mmoja hahitaji somo la chumvi, na atakayempa somo hilo ana utovu wa adabu. Tena kuna mambo ambayo mia moja ya Jumatatu haiwezi. Juni 2024 kizazi chetu kiliingia barabarani na Mswada wa Fedha ukaangushwa, na kuna waliotoka nyumbani siku hizo ambao hawakurudi. Hakuna aliyepunguza ushuru kwa kupunguza sukari.

Lakini nilimwambia kitu ambacho bado nakiamini. Madeni madogo yanakufanya mdogo mbele za watu. Mwaka ule nilipokuwa nazunguka soko, nilikubali kazi ya kuandika matangazo ya biashara ya mtu kwa nusu ya bei, kwa sababu mkopo wa usiku ulikuwa unadaiwa asubuhi na sikuwa na nguvu ya kubishana. Mtu wa namna hiyo hadai haki yake popote, wala kwa tajiri wake wala kwa serikali. Rafiki yangu hakujibu. Aliniomba nimwoneshe namna ya kupata taarifa ya M-Pesa.

Kwa hivyo chagua kimoja, usichague kumi. Kiwe kidogo kiasi kwamba unaweza kukifanya hata siku ambayo umelia. Kifunge kwenye siku, saa au kitendo ambacho tayari kipo. Halafu mwambie mtu mmoja ambaye hutapenda kumwangusha, usiandike kwenye status. Status inakupa makofi kabla hujafanya kazi.

Jumatatu yangu ilibaki hata deni lilipoisha. Mkono ulikuwa umeshazoea, kwa hivyo ile mia ikaendelea kutoka, safari hii kwenda kwenye akiba yangu. Kabla ya Krismasi zilikuwa zimefika 2,500. Sikuenda kusuka Desemba. Nilingoja hadi Jumamosi hii iliyopita, soko likiwa limelala. Nilishuka stage ya kawaida na kupita njia ya kawaida. Msusi wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja anapepea simu.

"Kaa nikusuke," akasema. "Utalipa pole pole, nakujua sasa."

Nilimlipa kabla sijakaa. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye leso, kisha akageuka na kuwaita wenzake watatu.