Kisiki Hicho Hakijafa

Septemba mwaka jana nilipanda bodaboda kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa kumwona mdogo wangu. Mvua ilikuwa imetuaga tangu Mei. Moto ulikuwa umepita pande zote mbili za barabara na ardhi ilikuwa nyeusi. Lakini juu ya weusi ule, miyombo na mitondo ilikuwa imechipua majani mapya, mekundu, mengine ya rangi ya shaba. Kijana aliyenibeba akapunguza mwendo, akauliza: "Bibi, miti hii maji inayatoa wapi?"

Nilimjibu maneno mawili matatu, upepo ukayachukua. Swali lake sikuliacha barabarani, na leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu tangu siku ile nimeona mashamba manne yakisafishwa kwa katapila mpaka mzizi wa mwisho.

Maji yako chini. Mtondo na myombo huteremsha mizizi mbali sana, tena huweka akiba ndani ya shina. Mti hautegemei mvua inyeshe ndipo uanze kazi. Wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza unachipua, ili mvua ya mwishoni mwa Novemba au ya Desemba iyakute majani yamekwisha kukomaa. Ile rangi nyekundu nayo ina kazi yake. Jani changa halina ubavu wa kuhimili jua la Oktoba, kwa hiyo mti hulivika rangi inayolikinga hadi ligangamale, ndipo linageuka kijani.

Kuna pia jambo la udongo. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga na hauna chakula kingi. Kwenye ncha za mizizi ya miti hii huishi kuvu, nyuzi zake nyembamba kuliko unywele, zinazopenya mahali ambapo mzizi hauwezi kupenya. Kuvu huuletea mti fosforasi, mti huipa kuvu sukari. Aina nyingi za uyoga tunaookota mvua zinapoanza ni zao la kuvu hiyo (ule wa kichuguu una habari zake nyingine). Mama anayelalamika kwamba siku hizi uyoga haupatikani karibu na kijiji aangalie kwanza kama bado kuna mtondo karibu na kijiji.

Mti ninaoupenda kuliko yote ni mninga. Watu wanaujua kwa kitanda na kabati, na kwa utomvu wake mwekundu kama damu. Wachache wanajua utoto wake. Mche wa mninga huota wakati wa mvua, kiangazi kikifika kijiti cha juu kinakauka au kinaungua. Ukipita hapo utasema umekufa. Mwaka unaofuata unachipua tena, na kiangazi unakauka tena. Unaweza kuendelea hivyo miaka kumi na zaidi, na miaka yote hiyo mzizi unanenepa ardhini kama karoti. Siku mzizi umeshiba, mti unarusha shina moja kwa nguvu, na shina hilo moto wa nyasi hauliwezi tena.

Sasa niseme langu. Nilianza kazi ya ubibi shamba mwaka 1984. Katika mafunzo tulifundishwa kwamba shamba zuri ni shamba jeupe: kisiki ni uchafu, ng'oa, choma, panda kwa mistari. Nilikwenda vijijini na kamba yangu ya kupimia, nikayasema hayo kwa moyo wote. Mzee mmoja wa Kimwera, Mungu amrehemu, alinisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha kisiki kilichokuwa katikati ya mtama wake. Akasema: "Binti yangu, hicho hakijafa. Mimi nikichoka na shamba hili, yeye ndiye atakayelirudisha kuwa pori, na wajukuu zangu watalifyeka tena." Nilimwandika kwenye daftari langu kuwa ni mkulima asiyepokea mabadiliko. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha kazi yangu. Mti wa miombo uliokatwa huchipua kutoka kwenye kisiki na mizizi yake ileile ya zamani. Shamba lililoachwa na visiki hurudi kuwa msitu. Lililong'olewa hubaki nyasi na vichaka kwa muda mrefu sana.

Nachingwea tulipaswa kulijua hili mapema kuliko watu wengine. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga. Walikusudia kulima mamilioni ya ekari, nyingi zikiwa Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Walileta mabuldoza, walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta. Mizizi ikavunja vyuma. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Reli iliyojengwa kutoka pwani kuja Nachingwea haikufika mbali katika uhai wake, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo tuna kata inayoitwa Stesheni na hakuna treni.

Karanga yenyewe haikuwa na kosa. Ni mmea wenye akili ya pekee: ua huchanua juu, kisha kikonyo kinainama na kuchimba ardhi, tunda linakomaa gizani, mbali na jua. Kinachotakiwa ni udongo laini wa kupenya. Kule Kongwa udongo uligeuka tofali jua lilipowaka, karanga zikanaswa humo. Mpaka leo wakulima wetu wanaivuna karanga kwa jembe la mkono, na kituo cha utafiti cha Naliendele kilitoa mbegu yenye jina letu, Nachingwea 2009. Mmea uliopewa mahali pake unaishi.

Nimesikia jibu la vijana, na lina uzito: "Bibi, sisi tunataka korosho na ufuta, pori halilipi ada ya shule." Mimi pia nina mikorosho, na ndiyo iliyosomesha wanangu. Mkorosho ni mgeni kutoka Brazil, Wareno waliuleta pwani yetu, nao umejifunza kuishi hapa: mizizi imeenda mbali, majani hayapukutiki, na maua huyatoa kiangazi kikiwa kikali. Lakini ua hilohilo ndilo udhaifu wake. Ugonjwa wa ubwiriunga ukilishika kabla ya dawa ya salfa kufika, msimu umekwisha. Mwaka wa namna hiyo tunakula nini? Tunakula mihogo, tunakula mbaazi iliyobaki kijani shambani miezi mingi baada ya mahindi kukauka, na tunakwenda porini kuchimba ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa.

Ming'oko ni mfano wa mninga kwa namna yake. Kiangazi kamba yake hukauka na kupotea, chakula chote kimefichwa chini, chembamba na kimepinda, kinataka subira kukitoa. Mama yangu alichimba kwa muo. Akishatoa mzizi alikikata kichwa chake na kukifukia palepale, akakanyaga udongo kwa kisigino. Sikumwona akiacha hata mara moja. Leo ming'oko inauzwa mafungu kwa mafungu stendi, imechemshwa kwa chumvi, na ninafurahi kinamama wanapata fedha. Ila nimepita nikaona mashimo yaliyoachwa wazi, bila kichwa, bila udongo.

Ninaziomba halmashauri zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa, jambo linalowezekana. Mkulima anayefungua shamba jipya asiruhusiwe kung'oa visiki vyote vya mtondo, myombo na mninga. Aache sehemu, hata kama ni mipakani na kwenye miteremko, avikate usawa wa goti viendelee kuchipua. Na moto wa Septemba na Oktoba, wakati majani yale mekundu ndiyo kwanza yanatoka, upigwe marufuku kwa vitendo. Anayetaka kuchoma mabaki ya shamba achome mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, baada ya kufyeka kinga.

Nawe ndugu msomaji, kama una shamba njia ile ya Ruangwa na umekwisha kumlipa mwenye katapila, mtangulie asubuhi ukiwa na majivu au chokaa. Kitie alama kila kisiki unachotaka kibaki, kisha umwambie azunguke.