Msafirishaji wa Bei Poa Ndiye Anayetumaliza: Vijana Tudai Karatasi Zetu Mpakani

Vijana wenzangu, makamanda,

Kila mwaka tunaimbiwa wimbo uleule. Ajira hakuna, jiajirini. Changamkieni fursa. Soko la Afrika Mashariki liko wazi, nchi nane, watu zaidi ya milioni 300. Haya, vijana wamesikia. Leo hii wapo Arusha, Moshi, Mwanza na Tanga wanaofungua simu, wanachagua viatu vya ngozi, mikoba, vipuri vya simu au madera kutoka Nairobi, wanalipa, kisha wanatangaza kwenye status kwamba mzigo mpya unaingia. Hawakusubiri mkopo wa halmashauri wala semina ya ujasiriamali yenye maji ya chupa na bahasha.

Lakini ukishalipa linabaki swali moja ambalo hakuna waziri anayelijibu jukwaani: mzigo unakujaje?

Msije mkaliona swali dogo. Hapo ndipo mitaji ya vijana inapofia. Na mimi nasema hivi: msafirishaji asiyekupa karatasi ya forodha yenye jina lako ndiye ghali kuliko wote, hata akikubebea mzigo kwa elfu tano. Tena nasema kwamba vijana hawamchagui huyo kwa ujinga. Serikali ya CCM imewaachia yeye tu.

Tuziangalie njia zenyewe.

Njia ya kwanza ni basi au shuttle. Nairobi mpaka Arusha ni kama kilomita 270 kupitia Namanga. Mzigo unakabidhiwa jioni, asubuhi uko stendi, unalipia hela ndogo, unamaliza. Kwa kasi na bei, hakuna anayemfikia konda. Sasa muulize: mpakani utaandikwaje? Utasikia, "Usijali, nitaongea nao." Jamani, "kuongea nao" ni nini kama si rushwa? Akishaongea nao, mzigo wako umeingia nchini kama kitu kisicho na mwenyewe. Ukipotea, kwenye kile kijikaratasi cha stendi kuna mstari unaosema kampuni haihusiki. Ukikamatwa, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu mzigo kutaifishwa, na chombo kilichoubeba kinaweza kwenda nao. Hapo konda hakujui tena. Imekula kwako.

Njia ya pili ni mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi na kukutoza kwa kilo. Bei yao inaitwa "kila kitu ndani," yaani usafiri na kodi humohumo. Inavutia kweli. Ila huyu wakala anaingiza mizigo ya watu hamsini kwa hati moja, na hati hiyo ina jina lake. Kodi inaweza kuwa imelipwa yote, senti kwa senti. Siku maofisa wa TRA wakiingia dukani kwako na kuuliza nyaraka za bidhaa zilizopo rafuni, wewe utatoa nini? Meseji ya WhatsApp? Machoni mwao wewe ni mkwepa kodi, wakati kodi umeshailipa kupitia mfuko wa mtu mwingine. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya namna TRA ilivyokuwa inawaendesha. Juni 2024 wakafunga tena. Kama watu wenye maduka ya ghorofa walishindwa kuvumilia, kijana mwenye meza moja na simu moja atasimama na nani?

Njia ya tatu ni kampuni kubwa za kimataifa, kina DHL na wenzake. Karatasi utapata, namba ya kufuatilia utapata, mlangoni watafika. Ila ujue wanavyopima. Hawaangalii mizani peke yake, wanapima na ukubwa wa boksi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, unagawa kwa 5,000. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 linahesabiwa kilo 12, hata kama ndani kuna mikoba ya kilo nne. Halafu wanaongeza gharama yao ya kukulipia kodi na kukutolea mzigo. Kwa hati ya shule au kifaa kidogo cha bei kubwa, ni njia nzuri. Kwa mikoba ishirini ya kuuza mtaani, faida yote imebaki kwao.

Njia ya nne ni Posta. Hii ndiyo ilipaswa kuwa njia yetu. Shirika la umma, lina ofisi mikoani na wilayani, liko ndani ya mtandao wa dunia wa posta ulioanza mwaka 1874. Kifurushi cha EMS kinapewa namba yenye herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Ukiona inaanza na E na kuishia na KE, kimetumwa kwa EMS kutoka Kenya, na unaweza kukifuatilia mwenyewe kwenye simu. Kodi yake unaletewa kwa jina lako. Lakini waulize vijana wangapi wanaouza mitandaoni wanaijua hesabu hiyo. Posta yetu imebaki mahali pa masanduku ya barua na picha za viongozi ukutani.

Na kejeli yenyewe ni hii. Makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yako wapi? Arusha. Jengo lao refu jipya lilizinduliwa mwaka 2023, Rais akiwepo. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako wapi? Arusha hiyohiyo. Kijana wa Arusha anapita katikati ya majengo hayo mawili akienda stendi kupokea mzigo wake kutoka kwa konda!

Sasa twende kwenye hela, maana wengine mnasema haya ni maneno tu.

Chukua mzigo wa shilingi 400,000 kutoka Nairobi, usafiri wa barabara 40,000. Forodha haiangalii bei ya dukani pekee, kwa mzigo wa barabara inajumlisha na usafiri mpaka mpakani, na bima kama ipo. Tuseme 440,000. Kama bidhaa imetengenezwa Kenya na una cheti cha uasili, ushuru wa forodha ni sifuri. Unabaki na VAT ya asilimia 18, yaani 79,200, na tozo ndogondogo. Kama huna cheti, na bidhaa iko kwenye kundi la asilimia 25, unalipa ushuru 110,000. Halafu VAT inapigwa juu ya jumla mpya ya 550,000, nayo inakuwa 99,000. Jumla 209,000. Tofauti ni shilingi 129,800 kwa mzigo uleule, barabara ileile, siku ileile.

Yaani karatasi moja ina thamani mara tatu ya nauli yote ya mzigo. Na sisi tunakesha tunabishana na konda apunguze elfu mbili!

Cheti chenyewe si cha matajiri. Jumuiya iliweka utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, bidhaa iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa na imezalishwa ndani ya Jumuiya, unapata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, bure. Umoja wa Forodha umeanza mwaka 2005. Soko la Pamoja limeanza Julai 2010. Kituo cha pamoja cha Namanga kilifunguliwa na marais wawili Desemba 2018, ngoma zikapigwa. Miaka yote hiyo, ni diwani gani, mkuu wa wilaya gani, kiongozi gani wa vijana wa chama tawala aliyewahi kuitisha mkutano akawaelekeza vijana kuhusu cheti hicho? Wanajua kutuita tukapige picha na fulana. Kutupa taarifa yenye hela ndani, hapana.

Tuwe wakweli pia. Cheti hakimsaidii kila mtu. Dera la Eastleigh lililotoka Uturuki au China halijawa la Kenya kwa kulala usiku mmoja Nairobi. Hilo ushuru wake upo, na hata kama lilishalipiwa Mombasa linaweza kutozwa tena likifika Namanga. Hapo ndipo mtu anapoona bora njia za panya. Simuungi mkono, ila namwelewa. Soko la pamoja linalotoza bidhaa moja mara mbili ni la pamoja kwenye hotuba tu.

Najua wapo watakaosema, "Hawa wapinzani hata kifurushi wanakitia siasa." Nawajibu. Nani anapanga VAT? Bunge. Nani anatoa leseni za kusafirisha vifurushi? TCRA, chini ya sheria ya mwaka 2010. Posta ni ya nani? Ya Serikali. Mwaka 2022, kuelekea sensa, nyumba zetu zilibandikwa namba na mitaa ikawekewa vibao, tukaambiwa ni Anwani za Makazi na Postikodi, kwamba sasa huduma na mizigo vitafika mlangoni. Vibao vile leo vinatumika na nani? Bodaboda bado anakuuliza, "Uko karibu na duka gani?" Haya yote yameamuliwa na wanasiasa. Sisi tukiyajadili ndiyo yanageuka siasa?

Wengine watasema kijana mdogo akianza na karatasi atazidiwa na gharama, bora apite chini chini mpaka akue. Hoja hii naisikia hata ndani ya safu zetu, na naiheshimu, maana njaa haina adabu. Lakini anayepita chini chini hawezi kukua. Hana kumbukumbu ya manunuzi ya kupeleka benki, hawezi kumuuzia mwenye duka anayetaka risiti, na kila mwenye sare akimsimamisha ana sababu ya kumkamua. Mtu asiye na karatasi hana sauti. Atamlalamikia nani, wakati kulalamika kwenyewe ni kujishtaki? Utawala wa kukomoana unawapenda sana watu wa namna hiyo, kwa sababu wananyamaza.

Kwa hiyo, kabla hujakabidhi mzigo kwa mtu yeyote, Namanga, Holili, Horohoro, Sirari au Mutukula, muulize haya.

Una leseni ya TCRA ya kubeba vifurushi, na naweza kuiona? Mzigo utaandikwa forodha kwa jina la nani? Nikikupa ankara na cheti cha uasili, utavionyesha mpakani au utavikalia? Bei yako imejumuisha kodi, na kama ndiyo, stakabadhi ya malipo ya TRA nitaipata? Ukipotea, unalipa thamani yote au kiasi fulani kwa kilo, na hilo limeandikwa wapi?

Na yeye akikubebea bila kukuuliza ndani kuna nini, mkimbie. Vipodozi vina masharti ya TBS, dawa zina TMDA, mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku tangu Juni 2019. Asiyeuliza amepanga kupita gizani, na mzigo wa jirani yako unaweza kukuponza na wewe.

Msiogope kusumbua. TRA wenyewe wametufundisha: ukinunua, dai risiti. Vizuri sana. Basi tudai na za mpakani.

Tusiishie kwa konda. Maswali hayohayo tuyapeleke kwa wenye nchi. Tunataka bei elekezi na utaratibu wa kodi kwa mizigo midogo ubandikwe kwa Kiswahili katika kila kituo cha mpakani na kila ofisi ya Posta. Tunataka wakala anayekusanya mizigo alazimike kutoa mchanganuo wa kodi kwa jina la kila mwenye mzigo. Tunataka mabasi yanayobeba vifurushi kuvuka mpaka yawe na njia halali, ya haraka na nafuu ya kuviandika forodha, ili konda asiwe na cha "kuongea." Na tunataka Posta ipewe magari na vijana wa kufikisha mizigo mpaka kwenye zile namba za nyumba walizobandika wenyewe.

Makatibu wa vijana wa matawi yote ya mipakani, anzeni na dawati moja siku ya soko. Meza, daftari, na kijana mmoja anayejua cheti cha uasili kinajazwaje. Watu wakiokoa laki moja kwa maelezo ya dakika kumi, hamtahitaji kuwahubiria tena kwa nini nchi inahitaji uongozi mwingine.

Dai karatasi yako.