Duma: Makelele ya Nairobi yaliyosikika majuu kabla ya mtaani

Ukisikia jina Duma, akili inaenda kwa yule mnyama wa mbio. Lakini kwa hawa wasee wawili wa Nairobi, Martin Khanja almaarufu Lord Spikeheart na Sam Karugu, jina limetoka kwa Kikuyu, na maana yake ni giza.

Weka albamu yao ya 2020 utaelewa mbona. Khanja anapiga nduru kama mtu amekabwa koo. Nyuma yake, Karugu amechukua gitaa la metal akalisaga pamoja na ngoma za kompyuta zinazokimbia kuliko nganya ya Rongai. Ikifika katikati hujui kama hilo ni gitaa ama ni bati linagongwa Gikomba.

Na hawa si wageni kwa game. Wametoka kwa Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, zote bendi za metal za hapa Nai. Bendi kama hizo ni gharama: dramu, ampu, mahali pa mazoezi, na jirani mwenye roho safi. Kompyuta moja inaokoa doo mob.

Sasa cheki hii. Albamu ilirekodiwa Kampala, ikatolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya huko huko Uganda. Baadaye Sub Pop ya Marekani, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ikatoa singo yao. Sisi je? Redio zetu zinataka ngoma ya kukatika, promota anataka jina linalojaza klabu, na kuna wazazi bado wanaamini metal ni ya shetani.

Shida si sifa kutoka nje. Shida ni kwamba mwenye kulipia studio ndiye mwenye sauti kubwa mezani. Hapo ndipo hatua ya Khanja ina maana. Mwaka wa 2024 alitoa albamu yake ya solo, The Adept, chini ya lebo yake mwenyewe, HAEKALU. Kazi hiyo ni heshima kwa nyanya yake mkuu, Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefika cheo cha field marshal katika Mau Mau, aliyefariki 2023.

Kwa hivyo usiseme haya ni makelele ya wazungu. Msee wa hapa, historia ya hapa, lebo yake. Kilichobaki ni mashabiki wa hapa kulipa mlangoni. Wewe ungeenda?