Wazee wa Roki na Bei ya Jukwaa

Kila mara kundi la roki lenye wanamuziki wa miaka 70 na zaidi linapotangaza ziara mpya, swali huwa ni lile lile, nalo huulizwa kwa kejeli, hasa na vijana: wazee hawa wanatafuta nini tena, fedha au sanaa? Anayeuliza hivyo kwa kawaida amekwisha kujijibu. Ameona bei ya tiketi, ameona mvi na makunyanzi, akahitimisha kuwa ni tamaa tu. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka mno. Tena ina hatari yake: kijana anayezoea kudhani kwamba malipo huichafua kazi ya msanii, kesho atamwalika mpiga gitaa wa mtaani kwake na kumwacha arudi nyumbani mikono mitupu, huku akimsifu kwa kipaji chake.

Tuanze na fedha, kwa kuwa hazikanushiki. Kundi la The Rolling Stones, lililozaliwa London mwaka 1962, lilifanya kati ya mwaka 2005 na 2007 ziara iliyoingiza zaidi ya dola milioni 550. Mick Jagger, mwimbaji wao, alikuwa mwanafunzi wa London School of Economics kabla ya kuacha masomo kwa ajili ya muziki, na inaonekana hesabu hakuziacha. Mwaka 1981 ziara yao ya Marekani ilidhaminiwa na kampuni ya manukato. Ile ya mwaka 2024 ilidhaminiwa na shirika la Marekani linalohudumia watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, jambo ambalo nadhani hata wenyewe walilicheka. Tena kuna sababu ya kiuchumi ambayo vijana wengi hawaikumbuki. Zamani msanii aliishi kwa kuuza sahani, na ziara ilikuwa njia ya kuzitangaza. Intaneti ilipoyaangusha mauzo ya sahani, mambo yaligeuka: sasa jukwaa ndilo linalolisha. Na nani awezaye kuujaza uwanja wa mpira? Ni yule ambaye nyimbo zake zinajulikana na babu, baba na mjukuu. Waliozipenda wakiwa wanafunzi wasio na senti leo wana mishahara na pensheni, nao wako tayari kulipa.

Hayo yote ni kweli, lakini hayatoshi. Mtu mwenye mali ya kumtosha yeye na wajukuu wake hana sababu ya kifedha ya kukimbia jukwaani kwa saa mbili akiwa na miaka 80. Keith Richards, aliyezaliwa mwaka 1943 kama Jagger, amekiri kwamba ugonjwa wa viungo umembadilishia namna ya kupiga gitaa, akalazimika kutafuta njia nyingine za kufikia sauti anayoitaka. Mchuuzi tu angeupokea ugonjwa huo kama ruhusa ya kupumzika. Mpiga ngoma wao, Charlie Watts, alifariki Agosti 2021 akiwa na miaka 80, na mwezi uliofuata wenzake walipanda jukwaani pamoja na Steve Jordan, ambaye Watts mwenyewe alikuwa amekubali amshikie nafasi. Wako walioona hapo ukavu wa moyo. Mimi naona watu wanaomwomboleza mwenzao kwa njia waijuayo zaidi, ingawa sikatai kwamba mikataba nayo ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi.

Mwaka 2023 wakatoa albamu ya nyimbo zao mpya, ya kwanza ya namna hiyo tangu mwaka 2005. Si zote zilizonigusa. Hata hivyo, anayetaka fedha peke yake hana haja ya nyimbo mpya. Umati huja kusikia zile za miaka ya 1960 na 1970. Ukipigwa wimbo mgeni, wengi huona ndio wakati wa kwenda kununua kinywaji. Kutunga upya katika umri huo, ukijua utapimwa kwa kipimo cha ujana wako, ni kujihatarisha bila faida kubwa.

Tena wazo kwamba roki ni ya vijana pekee limetoka wapi? Limetoka kwa wafanyabiashara wa miaka ya 1950 na 1960, waliogundua kwamba vijana wa Marekani na Uingereza walikuwa na fedha kidogo za kununulia sahani. Wale waliowafundisha Rolling Stones muziki hawakulijua wazo hilo. Jina lenyewe la kundi limetoka katika wimbo wa Muddy Waters, mwimbaji wa bluzi wa Chicago. B.B. King, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa bado jukwaani mwaka 2014, mwaka mmoja kabla ya kufa, na ulimwengu ulimwona kama fundi anayeifanya kazi yake. Mwaka 2016 Rolling Stones walitoa albamu ya nyimbo za zamani za bluzi, waliyoirekodi kwa siku tatu tu. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora ya uzee wao: wazee waliorudi kuketi darasani.

Mfano unaonishawishi zaidi, hata hivyo, ni wa Leonard Cohen. Mshairi huyu wa Montreal hakuwa mtu wa roki kwa maana kamili, ingawa mwaka 2008 aliingizwa katika jumba la heshima la muziki huo huko Marekani. Alikuwa ameishi miaka kadhaa katika monasteri ya Kibuddha huko California, na jukwaa alikuwa ameliacha tangu mwaka 1993. Ndipo akagundua kwamba akiba yake ya uzeeni ilikuwa imechukuliwa na mtu aliyemwamini. Mahakama ilimpa haki, lakini fedha hazikurudi. Basi mwaka 2008, akiwa na miaka 73, alirudi jukwaani. Sababu ilikuwa fedha, wala hakuificha. Na akafanya nini? Aliimba karibu saa tatu kila usiku, akivua kofia mbele ya wapigaji wake kila mmoja alipopiga sehemu yake, kana kwamba yeye ndiye mgeni wao. Alikwisha kurudisha alichopoteza, lakini aliendelea hadi mwaka 2013, kisha akatoa albamu nyingine, ya mwisho ikitoka Oktoba 2016, wiki chache kabla ya kifo chake. Uhitaji ulimfungulia mlango tu. Alichokifanya alipokwisha kuingia ni chake mwenyewe.

Kwa hiyo mimi siulizi tena ni nini kilichowatoa nyumbani. Nauliza wanauza nini. Led Zeppelin walivunja kundi mwaka 1980 baada ya kifo cha mpiga ngoma wao, John Bonham. Walipokutana kwa usiku mmoja London, Desemba 2007, dunia nzima ilitaka ziara, na mlima wa fedha ulikuwa ukiwangoja. Mwimbaji Robert Plant alikataa. Alikuwa na shughuli ya kuimba nyimbo tulivu pamoja na Alison Krauss, na albamu yao ikashinda tuzo kuu ya Grammy mwaka 2009. Kiss nao walitangaza ziara ya kuaga mwaka 2000, wakarudi, wakaaga tena New York tarehe 2 Desemba 2023. Usiku ule ule zilionyeshwa sura zao za kompyuta, na mwaka uliofuata jina, nyimbo na sura hizo ziliuzwa kwa kampuni ya Sweden. Hawa ndio waliowahi kuuza hata majeneza yenye picha zao, kwa hiyo angalau hawakumdanganya mtu. Lakini jina linapoweza kutumbuiza bila mwenye jina kuwapo, sioni tena mwanamuziki pale. Naona alama ya biashara.

Na kama lazima tuwalaumu wazee hawa, tuwalaumu kwa bei za tiketi, zinazowafungia nje vijana wale wale wanaoambiwa waujue muziki huu. Hapo pia uchaguzi upo. Mwaka 2023 kundi la The Cure, ambalo limekuwapo tangu miaka ya 1970, lilifanya ziara ya Marekani. Kiongozi wake, Robert Smith, alikataa mtindo wa kupandisha bei kadiri watu wanavyogombania viti, na baadhi ya tiketi zikauzwa kwa dola 20. Mashabiki walipolalamika kwamba ada za kampuni ya tiketi zilikaribia kulingana na bei yenyewe, Smith alipiga kelele hadharani mpaka kampuni ikarudisha sehemu ya ada hizo: dola 10 kwa tiketi za bei ya chini, dola 5 kwa nyingine. Katika ziara hiyo waliimba pia nyimbo mpya, zikiwamo za kuwaomboleza ndugu waliofariki, nazo zikatoka katika albamu mwaka 2024, ya kwanza baada ya miaka 16.