Goma: fundi asiye na jikleri asiguse eshapema ya mtu

Ukipita kwenye garaji za kando ya barabara hapa Goma, utaona kazi ileile. Motari anaingia na pikipiki nzima, fundi anatoa filtre ya hewa, anakata eshapema, anapokea pesa. Motari anatoka akiamini mashini imepata nguvu. Sisi tunasema: ameuziwa kelele.

Mashini inakula hewa na esansi. Kipimo chake ni karibu gramu 15 za hewa kwa gramu 1 ya esansi. Ukifungua njia ya hewa mbele na nyuma, hewa inaongezeka, lakini tundu la jikleri linabaki lilelile. Esansi inakuwa kidogo. Mashini inachemka, inasitasita kwenye mlima, na mwisho pistoni inaharibika. Ukiachia gesi, eshapema inalipuka kama risasi. Katika mji huu, usiku, mama anawalaza watoto chini kwa sababu ya pikipiki!

Mafundi wanajibu kwamba wamepanga kabirateri. Wamepanga nini? Wamezungusha visi ya ralenti tu. Visi hiyo inatawala mashini ikiwa imesimama. Ukifungua gesi nusu, sindano ndiyo inatawala. Ukifungua yote, ni jikleri kubwa.

Wengine wanasema Goma iko juu, karibu metre 1.500, hewa ni nyepesi, basi hakuna shida. Ni kweli kwamba hewa nyepesi inapunguza upungufu huo wa esansi. Lakini inaupunguza kiasi gani? Hiyo ni sababu ya kupima, si ya kubahatisha.

Fundi wa kweli anaanza na jikleri kubwa, anapanda namba moja moja, anajaribu pikipiki mlimani gesi ikiwa wazi. Kisha anainua sindano alama moja kama katikati bado inasitasita. Visi ya ralenti inakuja mwisho, mashini ikiwa ya moto. Halafu anafungua buji na kusoma: nyeupe, esansi ni kidogo, nyeusi yenye masizi, ni nyingi, kahawia, kazi imekwisha.

Na hata hapo filtre irudishwe. Vumbi la mawe ya volkano linasugua silinda kama msasa, na hakuna jikleri ya kulizuia.

Nani analipa? Si fundi. Pikipiki nyingi si mali ya anayeziendesha. Kila jioni kuna pesa ya kupelekea mwenye chombo. Silinda ikifa, deni ni la motari, na njaa ni ya watoto wake.

Tunaomba mashirika ya wamotari yalisemee jambo hili kwenye kila parking. Wenye pikipiki, kagueni vyombo vyenu. Na wewe ndugu motari, kabla msumeno haujagusa eshapema, muulize fundi: jikleri ya kubadilisha iko wapi? Akikosa jibu, washa pikipiki yako uondoke.